Nani Amfundishe Mtoto Habari za Mwili Wake?

Natumaini ubao umefutwa na kila mtu amepata mahali pa kukaa. Mwenye kuongoza darasa aandike ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: BALEHE, MTAALA, RUHUSA. Tutayatumia yote kabla somo halijaisha.

Kwanza niwaombe radhi. Wengi wenu mnaonisikiliza ni wazee wangu, mna umri wa kunizaa, na jambo la leo si rahisi mtu kulitamka mbele ya mkwewe. Kama darasani kwenu wapo watu wasioweza kulisikia pamoja, wagawanyike, akina mama upande mmoja na akina baba upande wa pili. Redio itasikika kote. Lakini msiizime, maana jambo hili ni la watoto wenu, na watu wengine wanaliamua kila siku bila ninyi kuwapo.

Swali lenyewe ni hili. Je, shule za serikali ziwafundishe watoto habari za miili yao, yaani habari za mume na mke, za mimba na za maradhi yanayoambukizwa kwa kulala pamoja? Tena, ziwaambie kwamba wako wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na wanawake wanaopenda wanawake wenzao? Sehemu ya kwanza ya swali hili yaleta ubishi. Sehemu ya pili yaleta ugomvi. Tutazitazama zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa sababu watu wakizichanganya hawasikilizani tena.

Tuanze na nyumbani. Wako wanaosema kwamba mafunzo ya namna hii yameletwa na wageni. Mimi sikubali. Waulizeni Wazaramo, Wamakonde, Wayao na Wamakua. Msichana alipovunja ungo aliitwa mwali, akawekwa ndani, na kungwi akamfundisha kwa nyimbo na ngoma mambo yote ya hedhi, ya usafi, ya mume na ya kuzaa. Mvulana naye alikwenda jandoni. Kule Unguja, Bi Kidude, ambaye wengi mlisikia sauti yake katika taarabu, alijulikana pia kuwa mwalimu wa unyago mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 2013. Basi watu wetu hawakuwaachia watoto wajifunze gizani. Walikuwa na walimu, na walikuwa na wakati maalumu wa kufundisha.

Wakati huo maalumu ndio uliovurugika. Zamani mwali aliweza kukaa ndani kwa miezi mingi, na akitoka alikuwa karibu na kuolewa. Siku hizi mtoto yuko shuleni. Mahali pengi sherehe hufanywa wakati wa likizo, kwa siku chache, na wengine hupelekwa wadogo mno ili wasikose masomo baadaye. Mtoto wa miaka 9 au 10 hufundishwa mambo ya mke, kisha hurudishwa darasani kukaa na watoto wenzake. Na mijini familia nyingi hazina kungwi kabisa. Mama husema, "Shangazi yake atamwambia." Shangazi yuko mbali. Mwalimu husema, "Hiyo ni kazi ya mama." Mtoto hubaki na simu ya jirani.

Sasa tazameni neno la kwanza ubaoni. BALEHE ni wakati mwili wa mtoto unapogeuka kuwa mwili wa mtu mzima. Msichana huanza kupata hedhi, mvulana huota ndevu na sauti yake huwa nzito. Tangu hapo msichana aweza kushika mimba, na mvulana aweza kumpa mtu mimba, hata kama akili zao bado ni za kitoto. Mwili haungoji cheti cha shule.

Chukueni kalamu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wasichana 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 22 katika kila 100. Hesabu imepungua. Lakini fanyeni hesabu hii wenyewe: ikiwa wasichana wa umri huo ni 50 katika kijiji chenu, wangapi wamekwisha kushika mimba? Jibu ni 11. Andikeni 11, halafu fikirini majina.

Tena mnakumbuka mambo yaliyowapata wasichana hao. Kwa miaka mingi msichana akipata mimba shuleni alifukuzwa. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waweza kurudi. Mimi nasema ilikuwa haki kuwarudisha. Lakini angalieni jambo lililokuwa likifanyika: tulimwadhibu mtoto kwa kutojua jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha. Ni kama kumpiga viboko mwanafunzi kwa kukosa hesabu ya kugawanya, na mwalimu hajafundisha kugawanya.

Wapinzani wana neno lao, na ni neno la kusikilizwa. Husema, "Ukimwonyesha mtoto njia ya kisimani atakwenda kuchota." Yaani akifundishwa atataka kujaribu. Hofu hii ni ya mzazi mwema. Basi je, ni kweli? Mwaka 2018 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, lilitoa mwongozo mpya juu ya mafunzo haya, na wataalamu wake walikuwa wamepitia uchunguzi mwingi wa nchi nyingi. Waliona kwamba vijana waliofundishwa vizuri hawaanzi mapema zaidi kuliko wasiofundishwa. Wengine huchelewa. Na waliona tena kwamba kuwaambia vijana "ngojeni mpaka ndoa" bila kuwaeleza kitu kingine chochote hakukuonekana kuwafanya wangoje. Kwa hiyo hofu ni njema, lakini haikupata ushahidi.

Nchi ya kwanza duniani kulazimisha mafunzo haya katika shule zote ilikuwa Sweden, mwaka 1955. Aliyepigania sana alikuwa Bibi Elise Ottesen-Jensen, binti wa padre kutoka Norway. Mdogo wake alipata mimba kabla ya ndoa, akapelekwa mbali kwa siri ili familia isiaibike, na mtoto akachukuliwa. Bibi huyu hakusahau. Alisafiri vijijini akizungumza na wake za wafanyakazi, na mwaka 1933 akaanzisha chama cha kueneza elimu hii. Msidhani kwamba walimu wa Sweden walianza kwa kuwaambia vijana wafanye watakavyo. Kitabu cha kuwaongoza walimu, cha mwaka 1956, kiliwahimiza vijana wangoje mpaka ndoa. Leo Sweden ni miongoni mwa nchi ambazo wasichana wadogo wanaozaa ni wachache sana. Sisemi kwamba shule peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Wasichana kule husoma muda mrefu na dawa za kuzuia mimba hupatikana. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba miaka 70 ya mafunzo imewaharibu.

Mwenye kuongoza, simamisha darasa kwa dakika moja. Mtu mmoja asome neno la pili ubaoni.

MTAALA maana yake ni orodha ya mambo yote ambayo shule imeagizwa kufundisha, darasa kwa darasa. Katika shule zetu habari za balehe, za uzazi na za UKIMWI zimo ndani ya sayansi na biolojia. Zimo kidogo kidogo, na mwalimu mwenye haya aweza kuzirukia. Tuseme kweli, wengi huzirukia. Huandika ubaoni, "Someni wenyewe ukurasa unaofuata," kisha hutoka nje. Watoto hucheka, na somo limekwisha.

Sasa twaja kwenye sehemu ya pili, ile ya ugomvi. Hapa nataka kuwapeleka Uingereza, maana huko wamegombana juu yake kwa miaka mingi, na kuna mengi ya kujifunza katika ugomvi wa mtu mwingine.

Katika Uingereza na Wales wanaume waliolala pamoja walifungwa jela mpaka mwaka 1967, sheria ilipobadilishwa. Baadaye, miaka ya 1980, palitokea kitabu kidogo cha watoto kilichotoka Denmark, chenye picha za msichana anayeishi na baba yake na rafiki mwanamume wa baba yake. Magazeti yalipiga kelele kwamba kimewekwa shuleni. Bunge likatunga sheria mwaka 1988. Watu waliiita Kifungu cha 28. Ilikataza halmashauri za miji kuyatangaza mapenzi ya jinsia moja kama jambo jema, wala kuruhusu shule zao kufundisha kwamba watu wawili namna hiyo ni familia ya kukubaliwa.

Sikilizeni sasa jinsi sheria hiyo ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye somo. Ilikaa Scotland mpaka mwaka 2000, na Uingereza na Wales mpaka mwaka 2003. Kwa muda wote huo hakuna mtu aliyehukumiwa kwayo. Hata hivyo ilifanya kazi, na ilifanya kazi kwa hofu. Sheria yenyewe ilizihusu halmashauri, lakini walimu hawakujua mipaka yake. Mtoto akiitwa jina la matusi uani, akipigwa kwa sababu wenzake wanasema yeye ni wa namna hiyo, mwalimu alijiuliza, "Je, nikisema neno nitapoteza kazi?" Akanyamaza. Mtoto mwenyewe, akitaka kuuliza, alimkuta mwalimu anatazama dirishani. Mwaka 2009 Bwana David Cameron, kiongozi wa chama kilekile kilichotunga sheria hiyo, aliomba radhi kwa ajili yake.

Halafu gurudumu likageuka upande wa pili. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017, na tangu Septemba 2020 shule zote za Uingereza zimeagizwa kufundisha habari za uhusiano wa watu: kwa wadogo, familia na urafiki, kwa wakubwa, na mambo ya mwili pia. Ndani yake wamo watu wa jinsia moja wanaopendana, kwa kuwa sheria ya nchi ile inawakubali hata kuoana. Kabla ya siku hiyo kufika, mambo yalichemka katika mji wa Birmingham.

Mapema mwaka 2019, wazazi wa shule ya msingi iitwayo Parkfield, wengi wao Waislamu, walisimama langoni wakipinga mafunzo yaliyotungwa na mwalimu wao, Bwana Andrew Moffat. Mafunzo yale hayakuwa ya mambo ya chumbani. Yalikuwa ya kuwaambia watoto kwamba watu wako wa namna nyingi, wa rangi, wa dini, vilema na wazima, na wengine wana baba wawili au mama wawili. Kitabu kimoja kilisimulia habari za ndege wawili wa kiume wa nchi za baridi, waitwao pengwini, waliolea kifaranga. Wazazi walisema, "Mnawafundisha watoto wetu kwamba dini yetu ni mbaya." Walimu walisema, "Tunawafundisha wasimchukie mtu." Wazazi wengine wakawatoa watoto wao darasani. Mwezi wa Machi shule ikayasimamisha mafunzo, wakakaa kuzungumza, na Septemba yakarudi yakiwa yamebadilishwa kidogo ili yafae watu wenye dini.

Shule nyingine mjini humo, Anderton Park, iliendelea kupigiwa kelele nje mpaka ikafika mahakamani. Novemba 2019 jaji alikataza maandamano langoni pake. Akasema pia kwamba mambo yaliyofundishwa ndani yalikuwa yameelezwa sivyo huko nje. Yaani watu walikuwa wakikasirikia vitu ambavyo havikuwa vikifundishwa!

Mimi nawaonea huruma pande zote. Mzazi mwenye dini ana haki ya kumlea mtoto wake katika dini, na alipoona kwamba hakuulizwa vya kutosha alihisi kwamba mtoto anaibwa. Lakini mtoto mdogo aliyepita kila asubuhi katikati ya watu wazima wenye vipaza sauti naye alikuwa akifundishwa kitu, na hakikuwa kitu chema.

Tusome neno la tatu. RUHUSA. Waingereza wameweka utaratibu hivi. Shule lazima iwaulize wazazi inapopanga mafunzo haya. Mzazi anaweza kuomba mtoto wake asihudhurie sehemu ya mambo ya mwili, isipokuwa yale yaliyomo katika sayansi, mpaka mtoto anapokaribia miaka 16. Kisha mtoto mwenyewe anaweza kuamua. Lakini mzazi hawezi kumtoa mtoto katika sehemu ya familia na heshima kwa watu. Huo ndio mpaka wao. Wengine hawaupendi, ila kila mtu anajua ulipo.

Je, sisi? Hapa Tanzania bara sheria inakataza tendo la watu wa jinsia moja. Iliandikwa wakati wa Waingereza, kisha adhabu ikazidishwa mwaka 1998, na sasa ni kifungo cha miaka 30 mpaka maisha. Mwaka 2023 wizara ya elimu ilipiga marufuku shuleni vitabu kadhaa vya watoto vilivyotoka nje, kwa kusema havipatani na maadili yetu. Mwalimu wa nchi hii hawezi kufundisha kana kwamba sheria hizi hazipo, nami siwezi kumwambia afanye hivyo.

Lakini neno lenyewe limekwisha kuingia darasani bila mwalimu. Hapa pwani *shoga* lilikuwa jina zuri tu. Mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike, na wako mabibi wanaoitana hivyo hata leo. Vijana wamelifanya tusi la kumpiga nalo mvulana mpole, au mwenye sauti nyembamba, au asiyependa mpira. Mvulana huyo huacha shule. Basi mwalimu afanye nini, atazame dirishani kama wale wa Kifungu cha 28?

Kwa maoni yangu kueleza si kushawishi. Mwalimu wa historia hueleza habari za biashara ya watumwa, na hakuna mtoto anayetoka darasani akitafuta minyororo. Mwalimu aweza kujibu swali la mtoto kwa maneno machache ya kweli: kwamba watu wa namna hiyo wako katika kila taifa na walikuwako zamani, kwamba Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwamba dini zetu na sheria yetu zasema hivi na hivi, na kwamba hakuna ruhusa ya kumpiga wala kumtukana mtu yeyote katika shule hii. Mambo hayo manne hayamgeuzi mtoto kuwa kitu kingine. Kwa wadogo sana sioni haja ya zaidi ya lile la mwisho.

Na kuna hatari nyingine ambayo watu huichanganya na hii. Mtu mzima anayemshika mtoto ni mhalifu, awe amemshika msichana au mvulana. Huo si upendo wa namna yoyote. Huo ni ubakaji na unajisi. Twawaonya wasichana, lakini wavulana hatuwaambii neno. Mvulana akifanyiwa na jirani, au na mtu aliyeaminiwa kumlea, hana hata jina la kukitaja kitendo hicho. Akisema, huogopa kuitwa lile tusi. Kwa hiyo hunyamaza, na yule mtu huendelea na mtoto mwingine. Nikiulizwa ni kwa nini shule isinyamaze, ningetaja sababu hii kabla ya zote. Mtoto wa miaka 6 yafaa ajue majina ya sehemu zote za mwili wake, ajue zipi hazishikwi na mtu, na ajue amwambie nani. Hilo halina mzungu wala mwafrika.

Sasa darasa lizungumze, nusu saa. Je, kijijini kwenu ni nani anayemfundisha msichana kabla hajavunja ungo, na mvulana hufundishwa na nani? Je, mngetaka shule imwombe mzazi ruhusa kwa mafunzo yote haya, au kwa baadhi tu, na yapi? Wanaopinga wapewe nafasi ya kusema kwanza, wasikatizwe.

Baada ya mazungumzo kila mtu anakili barua hii katika daftari lake, aweke jina la mtoto au mjukuu wake, na anayetaka aipeleke:

*Kwa Mwalimu Mkuu. Salaam. Mimi ni mzazi wa ............, wa darasa la ....... Naomba kuja shuleni kuona kitabu cha sayansi anachosoma, na kurasa zinazoeleza habari za mwili na balehe. Tafadhali nijulishe siku ninayoweza kuja. Wako, ............*

Wasioweza bado kuandika barua nzima waandike jina la mtoto na sahihi yao, na mwenzao awajazie mengine.